Tozo ya nyamapori ikatwe kwenye ndoano

Nguruwe mwitu aliyepigwa risasi Ujerumani akifikishwa kwenye kiwanda cha nyamapori, ada ya ukaguzi iliyoandikwa kwenye kiambatisho cha nne cha kanuni ya Umoja wa Ulaya nambari 2017/625 ni yuro 1.50. Kulungu aliyeteremshwa kutoka gari hilo hilo ni yuro 0.50, hata kama ana uzito wa nguruwe wawili. Mbuni naye ni 0.50. Sungura ni 0.01, na ndege wadogo wa porini ni 0.005, maana yake ndege mia mbili kwa yuro moja. Nchi mwanachama inaweza kutoza viwango hivyo au gharama halisi ya ukaguzi. Cha kutazama ni tofauti kati ya mnyama na mnyama.

Nguruwe analipa mara tatu kwa sababu ya mnyoo. Trikinela hujificha ndani ya misuli, na mkaguzi hata apasue tezi zote na kupapasa maini hatamwona. Kwa hiyo kila nguruwe mwitu hukatwa kipande cha gramu 5, kutoka ulimi, mguu wa mbele au ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Vipande vya wanyama hadi 20 vinasagwa pamoja, vinayeyushwa kwa pepsini na asidi ya haidrokloriki katika maji ya nyuzi 46 hadi 48, kisha mashapo yanatazamwa kwa hadubini. Kiluwiluwi kimoja kikionekana, wale 20 wanapimwa upya kwa vikundi vidogo vidogo hadi apatikane mwenye nacho. Yuro ya ziada ndiyo hiyo: pepsini, hadubini na muda wa mtu wa maabara. Kulungu hana kazi hiyo.

Tumeanza mbali kwa sababu hapa kwetu Kenya bado hakuna bei ya kutazama. Uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977. Sheria ya wanyamapori ya 2013, kifungu cha 98, inamfanya mkosaji yeyote anayekamatwa na nyama ya mnyama wa porini au anayeifanyia biashara. Wakati huo huo kifungu cha 80 cha sheria hiyo hiyo kinataja uvunaji wa wanyamapori miongoni mwa matumizi yanayohitaji leseni. Neno limo, bucha haimo. Kila baada ya miaka michache mjadala unafufuka, kama 2018 wizara ilipounda jopo la kulichunguza suala hili, na kwa kawaida mabishano hukwamia kwenye bunduki: nani apige, apige wangapi. Upande wa pili unapitwa juu juu: nani anamlipa mkaguzi, kwa kipimo gani, kabla ya kisu au baada yake. Kwa maoni yetu hapo ndipo mpango wa aina hii hufia, na hufa kimya kimya, nyama ikiwa tayari inatokea mlango wa nyuma.

(Neno moja kabla ya kuendelea. Tukisema mzoga tunamaanisha anavyosema mtu wa kichinjio: mnyama aliyetolewa damu, ngozi, kichwa na matumbo, akatundikwa. Kibudu ni jambo jingine, tutalifikia.)

Mnyama anayefika amekufa

Ng'ombe wa kichinjio cha Dagoretti anafika akitembea. Ana mwenyewe, ana kibali cha kusafirishwa, na mkaguzi anamwona akiwa hai: anachechemea, anatoa ute puani, anahema kwa shida? Robo ya ukaguzi, labda zaidi, imekwisha kabla ya kisu. Mnyama wa porini anafika usiku, tayari amekufa, na aliyemwona hai ni mpigaji peke yake. Kazi ambayo kichinjioni hufanywa kwa kutazama tu sasa inamtaka mtu mwingine, na mtu huyo analipwa.

Ulaya wamelitatua hivi. Katika kikosi cha uwindaji awepo mtu aliyefunzwa. Anaangalia mnyama alivyokuwa akienda kabla ya risasi, anachungulia viungo vya ndani baada ya kupasua, kisha anaandika tamko lenye nambari, tarehe, saa na mahali. Tamko likiwa safi, kichwa na viungo vya ndani si lazima vifuatane na mzoga, isipokuwa kwa wanyama wanaopata trikinela. Mtu huyo asipokuwepo, kichwa bila pembe na viungo vyote vya ndani, ukiacha tumbo na utumbo, lazima vifike kiwandani vikijulikana ni vya mnyama yupi. Hebu fikiria usiku wa wanyama 30: mifuko 30 ya maini, moyo, mapafu na wengu, kila mmoja na nambari yake, ndani ya gari lenye baridi ambalo tayari halina nafasi. Mfuko mmoja ukichanganyika na mwingine, mizoga miwili inatiliwa shaka. Kumfunza mpigaji mmoja ni rahisi kuliko hayo yote, na karo ya mafunzo inapaswa kuhesabiwa kama sehemu ya tozo, kwa sababu inaondoa kazi mezani.

New Zealand wana tatizo lao. Wanamwaga sumu iitwayo 1080 kuua posamu, mnyama mdogo msumbufu, kwa hiyo anayeuza mnyama wa porini ni lazima awe ameandikishwa na aeleze alikompiga, mahali hapo palinganishwe na ramani ya sumu. Kwetu sumu ya kuhofia ni dawa za wadudu za dukani. Kabofurani imetumika kutega simba waliokula mifugo, na kule Bunyala ndege waliouawa kwa dawa hiyo hiyo wameuzwa kama kitoweo. Sumu ya namna hiyo haionekani kwenye tezi wala kwenye ini. Ndiyo maana fomu inayouliza "alipigwa wapi" haijai mpaka iandikwe jina la ranchi na kizuizi chake cha malisho. "Kajiado" peke yake haitoshi.

Halafu kuna kimeta. Mwaka 2015 kiliua mamia ya nyati katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Mnyama aliyekufa kwa kimeta hutoka damu isiyoganda puani na nyuma, tumbo linavimba upesi, mwili haukakamai vizuri. Huyo hapasuliwi. Ukimpasua, vimelea vinakutana na hewa, vinajigeuza mbegu, na mbegu hizo zinakaa ardhini miaka mingi. Ikiwa mtu ameshapasua bila kujua, wengu utamwambia: umevimba, mweusi, laini kama uji wa wimbi uliolala. Hapo kazi yote inasimama, pamoja na magari.

Saa sita za kwanza

Thamani ya mzoga, na kwa hiyo kilo zitakazotozwa, huamuliwa kabla haujaona taa ya kichinjio.

Risasi ya kichwani au juu ya shingo haipotezi nyama. Risasi ya bega inaharibu robo ya mbele: damu imesambaa katikati ya misuli, vipande vya risasi vimetawanyika mbali na tundu, na kama risasi ni ya risasi yenyewe, ile madini, inabidi kukata pana kuliko macho yanavyotaka. Risasi ya tumboni ndiyo hasara kubwa. Yaliyomo tumboni yanamwagika ndani ya mzoga, na kosa la kwanza la kila mgeni ni kuosha kwa maji. Maji husambaza uchafu kote na kuuingiza kwenye mikunjo. Sehemu iliyochafuka hukatwa, haioshwi.

Mnyama aliyekimbizwa na gari kabla ya kupigwa ana tatizo lisiloonekana hadi kesho yake. Amemaliza sukari ya misuli, kwa hiyo baada ya kufa nyama haipati asidi ya kutosha. Nyama nzuri baada ya saa 24 husoma pH kati ya 5.4 na 5.8. Iliyochoka hubaki juu ya 6, inakuwa nyeusi, kavu, inanata vidoleni, na kuoza kwake ni haraka. Ndiyo sababu uvunaji wa kitaalamu hufanywa usiku kwa taa: mnyama anasimama kutazama mwanga, anapigwa mara moja, na hewa ni baridi.

Damu itolewe papo hapo. Tumbo na utumbo vitoke upesi, kwani chakula kilichomo kinaendelea kuchacha na kutoa gesi na joto. Ngozi ibaki hadi kichinjioni, kwa sababu njia za Kajiado au Machakos zina vumbi, na ngozi ndiyo karatasi ya kufungia iliyoletwa na mnyama mwenyewe. Baridi nayo ina mtego wake. Lengo la Ulaya kwa wanyama wakubwa wa porini ni nyama isizidi nyuzi 7 ndani kabisa, na ndege na sungura nyuzi 4. Lakini swala tomi ni mwembamba, hana mafuta ya kumfunika, na ukimsukumia kwenye baridi kali mara tu baada ya kumchuna, misuli inashuka chini ya nyuzi 10 kabla asidi haijapanda, inajikunja na kuwa ngumu kama mpira. Mteja wa hoteli atasema nyamapori ni ngumu kwa asili yake. Hapana, ni mtu wa friji aliyeharakisha. Mkaguzi hataikataa, kwa sababu haina ugonjwa, na tozo italipwa yote. Ila mteja harudi.

Kichwa, kilo au saa

Sasa hesabu. Tuchukue lori la kufikirika lenye swala tomi 20 na pundamilia 10. Tomi wa kilo 21 hivi akiwa hai hutoa mzoga wa kilo 12. Pundamilia hutoa kilo 130. Jumla ni kilo 240 na kilo 1,300, yaani kilo 1,540. Tuseme mshahara wa siku wa wakaguzi, maji moto, maabara na muhuri vimegharimu shilingi 15,400. Shilingi hizo ni za mfano tu, ili hesabu iende.

Ukitoza kwa kichwa, kila mnyama analipa karibu shilingi 513. Kwenye tomi hiyo ni takriban shilingi 43 kwa kilo, kwenye pundamilia ni shilingi 4. Wiki ya pili hakuna atakayeleta tomi mezani. Wataendelea kupigwa, lakini watauzwa barabarani wakiwa wamefichwa chini ya mkaa, kwa sababu mnyama mdogo ndiye rahisi kuficha. Tozo sawa kwa kichwa humwadhibu mdogo na kumfadhili mkubwa.

Ukitoza kwa kilo, ni shilingi 10 kwa kilo: tomi 120, pundamilia 1,300. Inaonekana haki, na ndivyo tozo ya sekta ya kulungu kule New Zealand inavyohesabiwa, kwa kilo ya mzoga. Taabu ni kwamba mkaguzi hachoki kwa kilo. Tomi ana tezi zile zile, ini lile lile la kupasua, nambari ile ile ya kuandika. Muda anaochukua ni mdogo kuliko wa pundamilia, lakini si mara kumi na moja. Siku ambayo lori limejaa tomi watupu 40, kilo ni 480, tozo ni 4,800, na mkaguzi amefanya kazi kutwa. Pengo hilo mtu atalijaza.

Kwa saa ndivyo Marekani wanavyofanya. Ukaguzi wa serikali kuu kwa ng'ombe ni wa lazima na hugharimiwa na kodi ya umma katika saa za kawaida. Kwa nyati wa kule, kulungu na swala ukaguzi wa idara hiyo ni wa hiari, na mwenye kiwanda hulipia saa. Kwa machinjio yenye ratiba hiyo ni sawa. Kwa mavuno ya porini ni kamari. Gari linakwama kwenye mbuga yenye udongo mweusi baada ya mvua ya saa moja, mkaguzi amekaa Athi River tangu saa kumi na moja alfajiri, mita inahesabu. Lori linaingia saa nne. Saa tano nzima zimelipwa bila mzoga hata mmoja kutundikwa.

Tunachopendelea ni makundi, kama orodha ile ya Ulaya ilivyofikiri. Kwenye lori letu, tomi alipe 200 na pundamilia 1,140. Ishirini mara 200 ni 4,000, kumi mara 1,140 ni 11,400, jumla ni 15,400 ile ile. Tomi sasa anabeba kama shilingi 17 kwa kilo na pundamilia karibu 9. Bado tomi analipa zaidi kwa kilo, na ndivyo inavyostahili, lakini si mara kumi. Kundi la ngiri liwe na nyongeza yake ya trikinela, kwa sababu ile pepsini hainunuliwi na mtu mwingine.

Anayeng'ang'ania kilo basi aandike kilo zipi. Mzoga wa moto hupoteza asilimia 2 hadi 3 ukilala kwenye baridi: kilo 130 za usiku ni 127 asubuhi. Mwenye ngozi bado mwilini anapimwa na ngozi. Ndoano na gurudumu lake vina uzito, na mizani isiyorudishwa sufuri inatoza chuma. Kuna na ule mchezo wa zamani wa bomba: mzoga ukimwagiwa maji dakika chache kabla ya mizani, uzito unapanda. Kwa muuzaji hiyo ni faida, kwa mlipa tozo ni hasara, kwa hiyo utaona mzoga ule ule ni mkavu kwenye mizani ya tozo na umelowa kwenye mizani ya mnunuzi.

Iliyotupwa nani aliilipia?

Hapa ndipo pagumu, na ndipo sheria nyingi huwa kimya.

Pundamilia mmoja kati ya kumi amekataliwa: usaha kifuani. Je, alipe? Mwenye mnyama atasema hapana, amepata hasara mara mbili. Lakini tazama upande wa pili. Ofisi ya ukaguzi ikilipwa kwa nyama iliyopita tu, basi kila mzoga inaoukataa inajinyima mapato. Hata mkaguzi mwaminifu atajikuta anatafuta sababu ya kukata kipande badala ya kuukataa mzoga mzima, hasa mwisho wa mwezi. Ukaguzi unaolipwa kwa kufaulu huzaa kufaulu.

Ukitoza mlangoni, kwa kila aliyeingia, mkaguzi hana cha kupoteza akikataa. Ila mwenye gari atakuwa na sababu ya kutomleta mnyama mwenye mashaka. Atamwacha porini, na kama kuna manyatta karibu, huyo mwenye mashaka ndiye atakayeliwa bila kukaguliwa na yeyote. Kwa hiyo ada ya ukaguzi ikatwe mlangoni, mnyama akiisha kusajiliwa, lakini usajili ufanyike pale alipoanguka, kwa lakiri, yaani kifungo chenye nambari kinachofungwa kwenye mnyama. Lakiri zilizotolewa 30, mizoga iliyofika 29, ile moja ijibiwe na ilipiwe. Hapo kumwacha porini hakuna nafuu.

Tozo ya soko, ya uhifadhi, au mgao wa mwenye ardhi aliyelisha nyumbu mwaka mzima, hiyo ikatwe kwenye nyama iliyopigwa muhuri. Hakuna haki ya kumtoza mtu uhifadhi kwa nyama iliyochomwa kwenye tanuri. Ni tozo mbili, sehemu mbili, risiti mbili. Wanaoziunganisha kuwa moja "kwa urahisi" ndio huishia na ugomvi usiokwisha juu ya mzoga uliokataliwa.

Mnyama wa Nairobi, ndoano ya kaunti

Katiba ya 2010, ibara ya 210, inasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa bila sheria. Ibara ya 209 inaziruhusu serikali zote mbili kutoza malipo ya huduma zinazotoa. Jedwali la nne nalo linaweka ulinzi wa wanyamapori na uwindaji kwa serikali kuu, na vichinjio kwa kaunti. Soma mambo hayo kwa pamoja uone: akiwa hai yuko chini ya serikali kuu, akitundikwa yuko chini ya kaunti. Akivuka barabara kutoka Machakos kuingia Nairobi, kaunti ya pili inamsubiri na kitabu chake cha risiti.

Wafanyabiashara wa mbuzi wa Kiamaiko wanaijua njia hii: ada ya mnadani, ada ya kupita, ada ya kichinjio, kibali cha gari la nyama. Kila moja ni ndogo. Nyamapori itakuwa na hizo zote na juu yake za serikali kuu. Hatuna imani na pendekezo lolote la uvunaji ambalo halina ukurasa mmoja unaojumlisha senti zote hizo kwa kilo moja, kutoka risasi hadi kwenye karatasi ya mteja. Jumla hiyo ikipita tofauti ya bei kati ya nyamapori halali na ya magendo, basi magendo yameshinda kabla ya kuanza.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye sheria yoyote. Vichinjio vikubwa vinavyolisha jiji huchinja kwa utaratibu wa Kiislamu, na wateja wengi, wakiwemo wasio Waislamu, wamezoea hivyo. Mnyama wa risasi analeta swali la kibudu. Fiqhi ina mlango wake wa mawindo: mwindaji anayekubalika, bismillahi wakati wa kufyatua, na akimkuta bado yu hai amchinje. Lakini nani anashuhudia hayo saa nane usiku? Ngiri ndiye haingii kabisa. Kwa hiyo ni reli tofauti, visu tofauti, chumba cha baridi tofauti, au kichinjio kizima kando. Ukijenga reli kwa ajili ya lori mbili kwa wiki, gharama yake kwa kilo inaimeza tozo yoyote tuliyohesabu hapo juu.

Lakiri

Miaka ya 1990 KWS, shirika la serikali la wanyamapori, iliruhusu ranchi kadhaa kuvuna kwa majaribio, na jiji likala pundamilia na kongoni kihalali. Mkahawa wa Carnivore wa Lang'ata ndio uliojulikana zaidi. Mwaka 2003 majaribio yalisimamishwa. Mwaka uliofuata, uchunguzi wa bucha za Nairobi ukakuta takriban robo ya sampuli ni nyamapori tupu, mbali na zilizochanganywa. Watu walikuwa wanakula pundamilia na kulipa bei ya ng'ombe.

Nyama halali ikiwepo sokoni, nyama haramu inapata pa kujificha, na kinachozitenganisha ni kipande cha plastiki cha shilingi chache. Lakiri ikifungwa sikioni inaondoka na kichwa. Ikitobolewa kwenye ngozi inaondoka na ngozi, na kesho utaikuta kwenye mnyama mwingine. Mahali pake ni mguu wa nyuma, katikati ya kano ya kisigino na mfupa, pale pale ndoano inapopita, ili isitoke bila kukata kano. Ziko za plastiki zinazofunguka kwa pini ya nywele ukijua pa kusukuma. Bora ile ya waya wenye kichwa cha chuma, inayokatwa mara moja na kufa. Nambari ichongwe, isiandikwe kwa kalamu, maana damu na mafuta hufuta wino kabla ya asubuhi. Mkaguzi anapokata lakiri ndipo anapogonga muhuri na ndipo risiti inapotoka, vyote mahali pamoja, mzoga ukiwa bado mzima.

Baada ya hapo hakuna tena cha kuhesabu. Mzoga ukishakuwa mapande, mtu aliyezoea ataitambua nyama ya pundamilia kwa nyekundu yake iliyoiva kupita ya ng'ombe, kwa mafuta ya manjano, laini, yanayoyeyuka kidoleni wakati mafuta ya ng'ombe bado yameganda, na kwa utamu mdogo anaousikia ulimini. Ila punda naye ana mafuta hayo hayo na utamu huo huo. Kuwatenganisha wawili hao kunahitaji kipande kidogo kwenye chupa kipelekwe maabara, na siku jibu linaporudi, sufuria imeshaoshwa.